Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mithali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ni mithali ya nyumba yenye dhiki. Siku mgeni ajapo, jogoo huchinjwa, wali hupikwa, na watoto wa nyumba ile, waliokuwa wakilalia mboga tupu, nao hupata kipande cha nyama. Mgeni husifiwa kwa kheri ambayo hakuibeba mkononi mwake. Lakini mithali hiyo huchukulia mambo mawili ambayo ni nadra kuchunguzwa: kwamba mgeni amekuja mzima wa afya, na kwamba mwenyeji alimtaka. Likikosekana moja la hayo mawili, ugeni hugeuka msiba, na mwenyeji aliyetazamia kupona huugua.

Katika zama zetu ametokea mgeni wa namna mpya. Hatafuti biashara, wala elimu, wala ndugu aliyepotea. Huacha kazi yake kwa miezi kadhaa akaenda kuwatumikia wanyama wa porini bila ujira. Wengi wa wageni hao hutoka Ulaya na Marekani, nao huelekea zaidi kusini mwa Afrika. Nia yao ni njema, walakini nia njema si kinga ya madhara. Katika baadhi ya mashamba ya simba ya Afrika Kusini, wageni walilipa fedha zao ili wawanyweshe maziwa watoto wa simba, wakiambiwa kwamba wanawaokoa viumbe yatima. Simba waliozoeshwa hivyo hawawezi tena kuishi mwituni, na wengi wao, walipokua, waliuzwa kwa wawindaji wakapigwa risasi ndani ya ua. Mkono uliomlea mtoto wa simba kwa mapenzi ulikuwa umemwandalia kifo chake.

Mwalimu mmoja wa hesabu katika chuo kikuu, mtu wa makamo, alipata mwaka wa mapumziko ambao vyuo huwapa walimu wao ili waandike au wasafiri. Naye alitamani kuwa mgeni wa namna hii. Alikwisha kusoma habari za mashamba yale, akaapa kwamba hatashika mnyama kwa ajili ya kupigwa picha. Tena hakwenda ng'ambo. Alichagua nchi yake mwenyewe, upande wa kusini wa ziwa Viktoria: Shinyanga kwanza, kisha Geita penye dhahabu, na mwisho kisiwa cha Rubondo. Mkobani alitia daftari jipya, maana mtu wa hesabu hawezi kutenda jambo bila kulihesabu. Aliazimia kuandika kila jioni kazi aliyoifanya siku ile.

Shinyanga alifikia kwa mzee mmoja Msukuma, jamaa wa rafiki yake, mwenye ng'ombe wachache na shamba la pamba. Mji wa zamani wa Shinyanga haukuwa mbali na hapo, na mahali hapo pana historia ambayo yampasa kila mpenda wanyama kuijua. Mwaka 1919 Waingereza walimteua C. F. M. Swynnerton awe mkuu wa hifadhi ya wanyama wa Tanganyika. Kazi yake ilikuwa kuwalinda wanyama. Lakini katika nchi ya Usukuma alikuta mbung'o wameenea vichakani, wakileta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, na vijiji vikihama mbele ya pori. Tangu mwaka 1923 maelfu ya Wasukuma walitoka na mashoka kufyeka vichaka ili mbung'o akose kivuli cha kukaa. Kazi hiyo iliitwa ya hiari, ingawa si rahisi kutenganisha hiari na amri pale mtemi apigapo mbiu. Mwaka 1929 Swynnerton akawa mkuu wa utafiti wa mbung'o, makao yake Shinyanga, akaendelea na kazi hiyo mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938.

Baadaye watafiti walijiuliza: mbung'o hunywa damu ya nani pasipo ng'ombe? Jibu lilikuwa: damu ya wanyama wa porini. Basi kuanzia mwaka 1945 palifanyika jaribio la kuwaua wanyama kwa makusudi katika eneo kubwa la Shinyanga, na habari zake zikachapishwa mwaka 1952. Maelfu ya wanyama walipigwa risasi. Waliofanya hivyo hawakuwa wakatili. Walikuwa wataalamu waliowahurumia watu na mifugo yao, na mbung'o walipungua kweli. Lakini shoka likiisha kuzoea mkono haliachi upesi. Ng'ombe waliongezeka, mashamba yakapanuka, miti ikageuka kuni na mkaa, na upepo ukachukua udongo. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikitajwa kuwa jangwa la Tanzania.

Asubuhi ya kwanza mwalimu alimkuta mzee amekwisha kuamka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umelalaje?"

"Salama. Nimekuja kufanya kazi. Nimeambiwa una ngitili. Nipe kazi ya ngitili."

Mzee akacheka kidogo, akamwongoza nyuma ya nyumba mpaka mahali ambapo majani yalifika kiunoni na migunga ilikuwa imesimama kama watu waliokuja barazani. Ngitili ni sehemu ya malisho ambayo Wasukuma huifunga mvua zianzapo, kisha huifungua wakati wa kiangazi, nyasi za kwingineko zikiisha kukauka, ndipo ndama na ng'ombe wadhaifu wapate chakula. Desturi hiyo ni ya kale, nayo ilikuwa karibu kupotea baada ya watu kuhamishiwa katika vijiji vipya miaka ya 1970. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa jina la HASHI. Mwanzoni maofisa waligawa miche ya miti katika bustani za serikali. Kisha wakatambua kwamba wananchi wenyewe walikuwa na elimu iliyofaa kuliko miche ile. Mwaka ule ngitili zilizohesabiwa zilikuwa za hekta 600 hivi. Mpango ulipomalizika mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Ndege wa aina zaidi ya mia moja wameonekana humo, pamoja na wanyama wadogo ambao vijana wa mahali pale walikuwa wakiwajua kwa hadithi tu.

"Kazi ya ngitili, mwanangu," alisema mzee, "ni kutoingia. Ukiweza kukaa nje tangu mvua za kwanza hata mwezi wa sita, umefanya kazi."

"Na anayeingiza ng'ombe wake?"

"Dagashida humtoza faini." Akaeleza kwamba dagashida ni baraza la wanakijiji wote, ambalo hutunga sheria za ngitili na kuwahukumu wavunjaji. "Wengine hawaogopi faini. Huona haya tu. Mtu akipita hapa na ng'ombe wake wenye njaa, akatazama majani haya, kisha akaendelea na safari yake, huyo amejitolea. Hakuna amwonaye."

Mwalimu alidhani mzee anafanya mzaha. Jioni aliandika katika daftari kwamba siku ile hakupata kazi. Kwa majuma matatu aliyokaa hapo alisaidia kupalilia pamba na kuchota maji, na kila asubuhi aliitazama ngitili kutoka nje.

Kutoka Shinyanga alipanda basi mpaka Kahama, kisha akashika njia ya Kakola kwenda Geita. Hapo nchi hubadilika. Ardhi huwa nyekundu, vilima hukaribiana, na kila penye mti mkubwa uliokatwa huna budi kuuliza matimba yake yamekwenda duara lipi. Duara ni shimo la mchimbaji mdogo, na matimba ni magogo yanayozuia kuta zake zisibomoke. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu siku za Wadachi. Mgodi mkubwa ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hata 1966, na mgodi mpya ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Lakini kando ya migodi yenye mitambo wako maelfu ya wachimbaji wadogo, kama wale wa Nyarugusu na Rwamgasa, ambao husaga mawe kwa karasha, huosha mchanga mwaloni, kisha hutia zebaki ili ishike chembe za dhahabu. Zebaki hiyo huchomwa motoni ipotee, ibaki dhahabu. Walakini haipotei. Mvuke wake huingia katika mapafu ya mchomaji na ya mtoto aliyeketi karibu naye. Masalio yake hufuata vijito, na zebaki ifikayo katika maji ya ziwa huingia katika samaki, kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, kutoka samaki hadi furukombe, na kutoka samaki hadi sahani ya mtu.

Mwalimu alilala siku mbili katika kijiji kimoja cha wachimbaji. Jioni ya pili, kwenye kibanda cha mama lishe, kijana mmoja mwenye vumbi la mawe mpaka kwenye kope alimsikia akieleza safari yake.

"Samahani, Mwalimu," kijana akasema kwa adabu. "Umeacha mshahara wako?"

"Mshahara wangu waendelea. Nimepewa mapumziko."

"Basi unakwenda kuwafanyia sokwe kazi ya bure."

"Ndiyo."

Kijana alinyamaza akala ugali wake. Kisha akasema, "Sokwe wamepata mwalimu wa kujitolea. Sisi wa duarani hatujampata bado."

Watu wachache walicheka. Mwalimu hakucheka. Ulikuwa mzaha, lakini ndani yake mlikuwa na hesabu, naye aliikagua usiku kucha asione kosa lake. Asubuhi aliondoka na swali lile likiwa halijajibiwa, akapita Katoro na Chato mpaka Muganza, na kutoka bandari ndogo ya Kasenda akapanda mashua.

Rubondo huonekana kutoka bara kama mgongo wa mnyama aliyelala majini. Sehemu kubwa ya kisiwa imefunikwa na msitu. Ufukoni kuna viboko na mamba, matetani kuna nzohe, na juu ya miti furukombe huitana mchana kutwa. Mgeni huiona nchi hiyo akadhani haijaguswa na mtu tangu kuumbwa. Kumbe mkono wa mtu umeigusa mno. Waliishi humo watu wapatao 400, wavuvi na wakulima wa migomba. Mwaka 1965 kisiwa kilipofanywa pori la akiba, watu hao walihamishiwa visiwa vya jirani na bara. Wanyama wasiokuwa wa hapo wakaletwa: vifaru, twiga, mbega, na baadaye tembo. Vifaru wote waliangamia mikononi mwa majangili. Mwaka 1977 Rubondo ikawa Hifadhi ya Taifa.

Katika walioletwa, wa ajabu zaidi ni sokwe. Profesa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliyekuwa amempoteza mwanawe Michael katika ajali ya ndege kwenye kazi ya Serengeti mwaka 1959, alikusudia kuwarudishia uhuru sokwe waliofungwa Ulaya. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 walifunguliwa Rubondo. Wengi wao walikuwa wamekamatwa wangali wachanga katika misitu ya Afrika ya Magharibi, wakakaa vifungoni, wengine kwa miaka mingi. Hawakufundishwa kutafuta chakula wala kujenga kiota. Walifunguliwa tu. Madume wawili waliokwisha kuwazoea watu hawakuwaogopa. Waliwashambulia, wakapigwa risasi. Hao walikufa kwa sababu ya ukaribu ambao hawakuuchagua. Waliobaki walijifunza matunda ya msituni, wakajenga viota, wakazaa. Na watoto waliozaliwa kisiwani wakawa na hulka ya kuwakimbia watu. Uoga ule ndio uliokuwa ushahidi wa kupona kwao. Leo idadi yao ni makumi kadhaa, na hao ndio wenyeji wa msitu, wajukuu wa wageni waliotua mahali ambapo wenyeji wa kwanza walikuwa wameondolewa.

Mwalimu alipewa kazi ndogondogo. Alitembea na askari wa hifadhi kandokando ya maji wakiondoa nyavu zilizotupwa na mitego ya nyaya, alibeba maji, alihesabu viota vya sokwe juu ya miti na kuandika aina ya mti na urefu wake. Kwa siku tisa alisikia sauti za sokwe kwa mbali bila kumwona hata mmoja. Daftari lake lilijaa tarakimu. Akaahidiwa kwamba siku ya kumi atafuatana na wafuatiliaji, ambao huwakaribia sokwe wale ili wawazoee watu kwa kiasi na waweze kuchunguzwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo koo lake likaanza kuwasha.

Yapo mambo ambayo mtu huyajua kichwani kabla hayajafika mwilini. Mwalimu alijua kwamba mafua ya mtu huweza kumwua sokwe. Alijua kwamba mwaka 2006, katika Milima ya Mahale, ugonjwa wenye dalili za mafua uliua sokwe kadhaa. Alijua sheria: aliye mzima na avae barakoa na kukaa mbali kwa mita kumi, aliye mgonjwa asiende kabisa. Hata hivyo usiku ule alikohoa ndani ya blanketi ili wenzake wasisikie. Alijiambia kwamba ni vumbi. Kwamba ni baridi ya ziwa. Kwamba mwaka wa mapumziko hauji mara mbili. Alfajiri alikunywa maji ya moto yenye asali, na kikohozi kikatulia.

Kiongozi wa wafuatiliaji, mama mmoja mwembamba mwenye maneno machache, aliwauliza wote kabla ya kuondoka, "Yuko asiyejisikia vizuri?" Mwalimu alinyamaza. Walipanda gari wakaenda kwa nusu saa. Walipokwisha kushuka na kutengeneza barakoa zao, mama yule alinyosha kidole kuelekea msituni: sauti za sokwe zilikuwa karibu kuliko siku zote, na kati yake ilisikika sauti nyembamba ya mtoto.

"Mama," mwalimu akasema, "nina kikohozi. Nilikuwa nacho tangu usiku."

Mama yule alimtazama. Hakumkaripia, wala hakumsifu.

"Kaa hapa kwenye gari, Mwalimu. Usisogee mpaka turudi."

Wakaingia msituni, naye akabaki na dereva. Alikaa saa nne. Mwanzo alijionea huruma, kisha akaona haya, kisha hasira zikamjia: amesafiri mwezi mzima ili aketi kando ya gari kama mzigo. Ndipo akamkumbuka mzee wa Shinyanga na mtu apitaye kando ya ngitili na ng'ombe wenye njaa. Akaelewa kwamba mzee hakuwa akifanya mzaha. Katika mambo yote aliyoyatenda tangu aanze safari, nyaya alizozitoa na viota alivyovihesabu, hapakuwa na moja ambalo askari wa hifadhi wasingeliweza kulifanya bila yeye, tena kwa ustadi zaidi. Kazi moja tu ilikuwa yake peke yake, isiyoweza kufanywa na mwingine: kutokwenda. Na hiyo alikaribia kuikataa.

Waliporudi aliuliza, "Mmewaona?"

"Tumewaona," alijibu mama yule. "Mmoja ana mtoto." Akapanda garini.

Jioni mwalimu alifungua daftari akaandika tarehe. Chini yake hakuandika kitu. Siku ya tatu aliondoka kisiwani, kikohozi kikiwa hakijaisha, wala hakuomba apangiwe siku nyingine.

Msomaji asidhani kwamba fundisho la habari hii ni kukaa nyumbani na kuikunja mikono. Kukaa mbali ni hisani pale ambapo ujio wetu hudhuru, si kisingizio cha kuepa pale tunapoitwa. Waliofyeka pori la Shinyanga waliitikia njaa na malale. Hatuwezi kuwacheka sisi tuliozaliwa baada ya dawa. Grzimek naye, kama angaliwaacha sokwe wake Ulaya, wangalikufa vizimbani. Wote walitenda kwa huruma, na kila huruma ilimwacha mtu au mnyama ambaye hakuulizwa: swala wa Shinyanga, mkulima wa migomba wa Rubondo. Mpenda wanyama wa leo, akitaka kuwapita waliomtangulia, hawezi kuwapita kwa wingi wa mapenzi, kwa maana nao walikuwa nayo. Labda atawapita kwa swali moja liulizwalo kabla ya safari: je, mwenyeji amenitaka, nami ni mzima?

Mwalimu alirudi kwa njia ileile. Alipofika kijiji cha wachimbaji alimtafuta yule kijana, akamkuta mwaloni, mikono ndani ya maji mekundu. Hakumwambia habari za sokwe. Alimuuliza ni kitu gani ambacho mwalimu wa hesabu angeweza kuwafaa watu wa duarani. Kijana hakufikiri sana. Alisema kwamba wengi wao huuza dhahabu bila kujua kupiga hesabu ya gramu na bei, na mgao wa duara ukifanywa, mwenye kujua kuandika ndiye apatae zaidi.

Basi miezi miwili iliyosalia ya mapumziko yake mwalimu aliimaliza kwenye kibanda cha mama lishe, usiku baada ya ugali, akiandika kwa chaki juu ya ubao wa mlango. Walikuja watu saba, kisha kumi na wawili. Wengine walisinzia kwa uchovu, na wengine waliacha kuja. Hakuna aliyewashawishi kuacha zebaki, ila usiku mmoja waliomba wenyewe waelezwe inakokwenda ikiisha kuchomwa, naye akawaeleza. Siku ya kuondoka kijana yule alimsindikiza hadi kituo cha basi akambebea mkoba. Hawakuzungumza sana. Basi lilipofika, kijana alimwambia, "Karibu tena, Mwalimu," na safari hii aliyekaribishwa alijua kwamba ametakwa.